Mkaa wa Malishoni Usagara

Shikamoo Mama,

Huku Usagara samaki aina ya sato ni watamu, ila leo nimewaacha kwenye sahani. Mimi na wenzangu wa kazini tulichimba shimo kwenye malisho ili mtaalamu apime udongo. Juu majani mabichi. Shubiri moja chini, chembe za mkaa. Akasema nyasi zikiungua, mkaa wake hauozi upesi, hukaa ardhini kupita umri wa mtu. Mama Kulwa, mwenye malisho, akatuambia, “Mkifukia, cheusi kirudi palepale. Moto wa nyasi ulimkuta mama yangu hapa, hakutoka.” Hatukumwambia kwamba tulishauchanganya udongo wote. Nimenawa mara tatu, kucha bado nyeusi.

Nawakumbuka sana. Mwambie Baba asilime pale moto ulipomkuta kaka Masanja. Bado yumo mle ardhini.

Mwanao,
Neema