Gorila Walinipeleka Hospitali

Kibokoni, Mombasa

Kwa mwanangu Abdulhadi,

Assalaam aleikum warahmatullah. Hujambo baba? Joto la Maskati lakutesa? Wapata chakula cha maana, au ni chai na mkate asubuhi na jioni? Sisi huku twamshukuru Mungu. Mkeo Mwende mzima, mwanao mzima, yuwanyonya na kupiga kelele. Mimi pia mzima, na leo nikisema mzima ni kweli.

Naandika kwa mkono wangu, makosa yavumilie. Simu ya nyumba hii ina masikio mengi, na Kamaludin, aliye likizoni hapa mtaani, amekubali kukuletea barua akirudi kazini huko.

Najua umenikasirikia. Mwanao alipozaliwa sikumbeba, chumbani sikuingia. Hata ile tende ya kumtia mtoto kinywani, ambayo wajukuu wote nimewatafunia mimi, safari hii nilimwachia Fadhiya jirani. Mtaa ukasema Bi Shariffa amemkataa mjukuu kwa kuwa mamake ni Mkamba. Nawe ukaamini! Ukanipigia kuniuliza kama damu ya bara yaninukia. Nilikukatia simu. Nimekuzaa mimi, ukashindwa kuniuliza kwa adabu?

Sasa sikiliza. Mwende akiwa bado mjamzito, shule ya Najla, binti wa dadako, iliwapeleka watoto kwenye ukumbi mmoja karibu na Makupa, na kila mtoto aende na mtu mzima. Humo ndani wamejenga msitu. Usicheke. Kuta zote ni picha zinazokwenda, miti mpaka darini, ukungu wakurukia usoni, ukikanyaga sakafu majani yalia. Kila mtu afanywa mgeni wa gorila, na utakalofanya wewe ndilo litakalowapata wao.

Mlangoni mashine yauliza: una homa, una kikohozi? Wajua nilivyokuwa nikikohoa, nikisema ni vumbi la malori ya Shimanzi. Nikabonyeza kwamba sina. Mashine nayo niipe siri zangu?

Tukapanda mlima ule wa uongo mpaka tukawakuta. Dume mgongo mweupe, kubwa kama kabati, na jike amepakata mwanawe. Tuliambiwa tusimame mbali. Mimi nikasogea nimwone mtoto, nikakohoa. Hapo picha ikageuka. Siku zikapita ukutani, mtoto akaanza kukohoa, kisha akalala kifuani mwa mamake asiamke, na mamake ambeba tu, ambeba tu. Najla akaniambia mbele ya watu: Bibi, wewe ndiye umemuua.

Nilimfokea msichana wa pale, Mercy, amfufue upesi. Akasema huu ni mchezo, huanzishwa upya, lakini wale wa milimani Uganda na Rwanda hawaanzishwi upya. Wamebaki wachache, na mafua ambayo sisi twayapangusa kwa leso huwaua wao. Ndiyo maana wageni huvaa barakoa, na anayekohoa hurudishwa hata awe ametoka Ulaya. Nikamwambia basi gorila wenyewe si wamkimbie mgonjwa, hawana akili? Akanijibu kwa upole kwamba wadogo ndio husogea kwa mtu, wataka kucheza.

Nikarudi nyumbani, tumbo la Mwende mbele ya macho yangu. Kesho yake nikaenda hospitali peke yangu.

Mwanangu, kilikuwa kifua kikuu. Keti, usiruke. Nikaanza dawa siku ile ile. Daktari akataka watu wa nyumbani wapimwe, nikawapeleka nikiwaambia ni upimaji wa bure wa mtaa. Wote safi. Nilinyamaza kwa sababu neno hilo likitoka mlangoni, Najla atatengwa darasani na Mwende hatatembelewa na mgeni wa uzazi. Daktari alinihakikishia mapema kwamba dawa imeshika, sina hatari tena. Nikamjibu daktari kwamba mjukuu wangu nitamshika nikiona kwenye karatasi ya majibu kuwa makohozi ni safi, si kabla.

Jana nimepata majibu. Safi, alhamdulillah! Dawa nitaendelea nazo mpaka waseme basi.

Nikaingia kwa Mwende kumweleza, hakuningoja nimalize. Alijua tangu ule upimaji wa bure! Babake aliugua hivyo hivyo, dawa zile azijua kwa rangi. Kumbe ndiyo sababu madirisha yangu yalikuwa wazi kila asubuhi na mayai kwenye sahani yangu, nami nikidhani ajipendekeza. Wanawake walipomwambia mkweo akudharau, aliwajibu kwamba mama ajua afanyalo, nendeni mkapike. Amesemwa mtaa mzima kwa ajili yangu, na hata kwako hakunitoboa, kwa kuwa aliona neno ni langu kulisema.

Kisha akanipa mtoto. Mzito! Kichwa kikubwa kama chako. Akashika ushungi wangu akautia mdomoni, nami nikalia, na ukimwambia mtu nitakana.

Mke ulichagua. Nimesema mara moja, usinitake nirudie. Mpigie leo hii umwombe radhi yeye kwanza, halafu mimi, na kwangu ujiandae kukaa kwenye simu.

Najla akusalimu, Mwende akusalimu, na huyu mdogo akusalimu kwa kelele. Mungu akulinde huko uliko, ule, ulale.

Wasalaam,
Mamako aliyepona,
Bi Shariffa