Kikao cha Dharura Kuhusu Diski Iliyoitwa Mgeni na Seva ya Redio

CHAMA CHA REDIO YA JAMII, UNYAMBWA

Kikao kilifanyika Jumamosi, 15 Septemba 2012, katika chumba cha habari. Kilipangwa kuanza saa 3:00 asubuhi, kikaanza saa 4:20.

Waliohudhuria:
Mwl. Melkizedeki Mughwai – Mwenyekiti
Bi. Dorkas Isaka – Mweka Hazina
Bw. Miraji Alute – Mjumbe na mtangazaji
Bi. Winfrida Andrea – Katibu

Mwalikwa: Bw. Peniel Philipo – Fundi

Hakuhudhuria: Bw. Manase Shukuru (bila taarifa, kama kawaida)

KUMB. NA. 1/09/2012: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwaomba wajumbe waseme kwa ufupi, kwa kuwa redio iko kimya tangu Jumanne. Bw. Miraji alisema ukimya huo unamuuma yeye zaidi, maana sokoni watu wanauliza kama amefariki.

KUMB. NA. 2/09/2012: HALI YA SEVA
Fundi alieleza kwamba ndani ya seva kuna mashine pepe tatu, yaani kompyuta zisizo na umbo, zinazokaa kama mafaili kwenye diski moja: ya matangazo, ya ofisi, na ya sauti zilizorekodiwa. Umeme ulipokatika na kurudi Jumanne, seva haikuitambua diski hiyo. Iliiita ngeni, ingawa imekuwa humo tangu seva inunuliwe. Bw. Miraji alisema, "Hata mimi nikichelewa nyumbani naitwa mgeni." Hakuna aliyecheka.

Fundi aliongeza kwamba seva ilitoa machaguo mawili: kuipokea diski na mpangilio wake, yaani ramani ya kilichomo, au kuuondoa mpangilio huo. Mtu alichagua kuuondoa.

KUMB. NA. 3/09/2012: MKATABA WA FUNDI
Mwenyekiti alisema mwenye dhamana ya seva ni fundi, na akatoa hoja kwamba mkataba wake ukome leo. Alimwelekeza Katibu aandike kwamba fundi alifuta mashine. Katibu aliuliza kama kuna aliyemwona akifanya hivyo. Mwenyekiti alisema kazi ya Katibu ni kuandika.

Fundi alisema Jumanne alikuwa Kinyangiri kumzika shangazi yake, kwa ruhusa ya Mwenyekiti mwenyewe. Alipoulizwa ni nani basi, alisema hawezi kusema.

Bi. Dorkas aliomba nafasi. Alisema, "Mwalimu, mwache huyu kijana. Ni mimi."

Alieleza kwamba alikuwa peke yake ofisini. Kioo kilionyesha maneno ya Kiingereza, foreign, import na clear, akatazama karatasi ya tafsiri ambayo Mwenyekiti aliibandika juu ya seva mwezi Juni. Ilisema: mgeni, ingiza, safisha. "Sasa mgeni unamwingizaje kwenye vumbi? Kwanza unasafisha. Nikaipangusa seva kwa kitambaa, nikabonyeza Safisha. Peniel alijua tangu Alhamisi. Amekubali kufukuzwa ili mimi nisiaibike."



Mwenyekiti alisema tafsiri yake ni sahihi na kamusi anayo nyumbani. Bw. Miraji alijibu, "Shida, Mwalimu, Jumanne Mama Dorkas hakuwa na kamusi. Alikuwa na karatasi."

KUMB. NA. 4/09/2012: KUOKOA MASHINE
Fundi alieleza kwamba kilichoondoka ni mpangilio tu, na mafaili hubaki mradi hakuna kinachoandikwa juu yake. Aliitoa diski, akaifunga kwenye kompyuta nyingine kwa kuisoma tu, akanakili yote kwenye diski mpya. Mashine ya matangazo imewaka. Ya ofisi imewaka. Ya sauti inaonekana lakini haifunguki, naye hakutaka kuahidi kitu.

Bi. Dorkas aliuliza iko wapi nakala ya pili iliyokubaliwa Juni. Fundi alikiri kwamba hakuitengeneza. Alisema hilo ni kosa lake, na anaomba liandikwe. Limeandikwa.

KUMB. NA. 5/09/2012: MENGINEYO NA KUFUNGA
Mwenyekiti aliondoa hoja ya mkataba na kuomba isionekane katika kumbukumbu hizi. Katibu alisema samahani, ameshaiandika, na kazi yake ni kuandika.

Bw. Miraji alipendekeza karatasi ibanduliwe. Mwenyekiti alikataa, akachukua kalamu, akaenda mwenyewe kwenye seva. Wajumbe walimsubiri. Aliporudi alisema kikao kimekwisha, ikiwa saa 6:05 mchana.

Katibu alikwenda kuangalia kilichobadilika ili kiingie katika kumbukumbu. Neno "safisha" limekatwa. Juu yake, kwa mwandiko wa Mwenyekiti, imeandikwa: "Mwite Peniel."

................................
Mwl. M. Mughwai, Mwenyekiti

................................
W. Andrea, Katibu