Bima ya Gari Lisilo na Vignette

Kolwezi, 4 Machi 2024

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Habari za Kasaji, habari za mgongo wako, na mihogo ya Mama inaendeleaje? Mimi ni mzima na watoto ni wazima, ila roho yangu haijatulia. Ningepiga simu, lakini kazi ya reli ilikula masikio yako, na jambo hili sitaki kulipigia kelele majirani wakisikia.

Juzi nilimgonga mtu. Hakufa, Baba, usishtuke. Nilikuwa nakata kona karibu na soko la Manika, mvua inanyesha, nikienda polepole. Mama mmoja muuza makayabu alishuka barabarani na beseni lake la samaki kichwani, akitazama upande mwingine. Breki zilishika, lakini gari liliteleza kwenye tope likampiga mguu. Anaitwa mama Jeanne. Nilimpakia mwenyewe nikampeleka hospitali, hata polisi hatukungoja. Mfupa wa chini ya goti umevunjika vibaya. Daktari anasema lazima apasuliwe na kutiwa chuma, la sivyo mguu utaunga upande. Familia yake haina uwezo huo, wala mimi sina.

Bima ya gari niliilipa, bado inafika Desemba. Lakini vignette, ile kodi ya barabara, mwaka huu hatukulipa, na contrôle technique, ule ukaguzi wa gari, kila mara unaniambia nisubiri. Madereva wenzangu pale parking wanasema bima bila hizo mbili ni karatasi ya kufungia karanga. Niende ofisi ya bima au nisiende? Gari ni lako. Nangoja neno lako.

Binti yako,
Honorine

---

Kasaji, 9 Machi 2024

Mama yangu Honorine,

Wewe unayebeba jina la mama yangu mzazi, nakusalimu kama mtoto anavyomsalimu mama yake, ingawa siku hizi mama ndiye anayemletea mtoto matatizo. Mgongo upo. Mihogo ipo, na nguruwe wa jirani naye yupo, anaila.

Pole sana, na Mungu ashukuriwe mama huyo yu hai. Sasa nisikilize. Gari langu nalijua tangu taa ya mbele hadi ya nyuma. Hao wa contrôle technique wanazunguka gari mara moja, wanapiga teke tairi, kisha wanaomba soda. Ndiyo maana nilikuambia usubiri.

Kuhusu bima, wenzako wamesema kweli. Fikiri mwenyewe: kwenye kizuizi polisi wanakuomba nini? Karatasi zote pamoja. Ikikosekana moja, wanakurudishia zote na kukuambia huna kitu. Miaka yote ni hivyo. Ukiingia ofisi ya bima, swali la kwanza litakuwa vignette, la pili watapigia polisi simu. Gari litaenda fourrière, kule yanakozuiliwa magari, na wewe utalala ndani. Watoto utamwachia nani?

Fanya kama watu wanavyofanya. Nenda kwa familia yake, piga magoti, peleka unga, mafuta na kuku, umhudumie mgonjwa kama mama yako. Huko Kasulo kuna mzee anayefunga mifupa. Ndiye aliyemfunga baba yako mdogo Kalonji alipoanguka kwenye behewa, na Kalonji alicheza kwenye ndoa yako mpaka tukamwomba akae. Ofisi ya bima usikanyage. Nimemaliza.

Baba yako

---

Kolwezi, 2 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe na Mama. Sisi tunapumua. Mjukuu wako Shekina ana mafua, lakini kelele zake hazijapungua.

Nilifanya ulivyosema. Nilipiga magoti, wakanipokea. Kila nikimaliza kazi napita kwa mama Jeanne, napika, namfulia nguo, namsuka nywele. Siku hizi ananiita binti yangu, na kila akiniita hivyo naona aibu. Mzee wa Kasulo alimfunga mguu kwa vijiti na dawa. Maumivu yalipungua, lakini mguu unaunga ukitazama nje. Yeye anacheka tu. Jana aliniambia: "Honorine, ona, mguu moya inaenda Manika, ingine inaenda Kasulo. Mi nitafwata gani?"

Nilicheka naye, nikaenda kulia kwenye gari.

Hawezi kusimama sokoni. Nafasi yake amekaa mtu mwingine anayeuza sabuni. Daktari anasema bado inawezekana kuurudisha mguu, ila tusizidi kuchelewa. Baba, niruhusu niende kuuliza tu. Kuuliza si kosa.

Binti yako,
Honorine

---

Kasaji, 8 Aprili 2024

Mama yangu,

Sisi wazima. Hapana.

Najua utanuna. Lakini mimi ni mzee, nina binti mmoja tu huko Kolwezi, na nimeona watu wakiingia ofisini kuuliza tu na kutoka na pingu. Naogopa, mwanangu, nakuambia wazi. Mpelekee mama huyo salamu zangu na gunia la mihogo anayokuja nayo Mukuna wa duka la chumvi.

Baba yako

---

Kolwezi, 20 Mei 2024

Baba,

Nakusalimu. Natumaini mgongo umepoa na Mama hajambo. Nimekaa muda mrefu bila kukuandikia kwa sababu sikukutii, na sikutaka kukuandikia uongo.

Nilienda ofisi ya bima. Nilikaa kwenye benchi nikimwangalia kila aliyeingia na kofia. Mama wa kwenye dirisha la guichet alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Nani alikuambia assurance yako ilikufa?" Nikamwambia kila mtu. Akatikisa kichwa. Akasema: "Vignette iko mambo yako na serikali. Utalipa amende kwabo. Contrôle, tutaangalia kama accident ilitoka ku mafreni. Lakini ule mama haiko yeye alikosa kulipa vignette. Kwa contrat yako hii, yeye tunamulipia. Tukiwa na maneno na weye, tutasema na weye kisha."

Kumbe ndivyo, Baba. Gari lenyewe hawatalitengeneza, na walinigombeza sana kwa kuchelewa kuwaarifu. Ilibidi niende polisi nikaeleze yote. Sikulala ndani. Gari lilikaa fourrière, nikalipa faini na vignette, kisha nikalipeleka contrôle. Breki zilionekana nzima, ulilijua kweli gari lako.

Mama Jeanne amepasuliwa. Kwa kuwa mfupa ulikuwa umeshaunga vibaya, daktari aliuvunja tena. Atatembea, lakini mguu umebaki mfupi kidogo, na fimbo hataiacha. Daktari alisema wangempasua siku zile za kwanza, asingehitaji fimbo.

Alipoamka nilimweleza pesa zimetoka wapi. Nilidhani atafurahi. Aliniuliza pole pole: "Hii assurance ulikuwa nayo siku ile ulinigonga?"

Nikasema ndiyo.

"Siku yote ulikuwa unanipikia bukari, ulikuwa nayo?"

Nikasema ndiyo, mama.

Hakunitukana. Aliuliza tena: "Nani alikukataza?" Hapo sikukutaja, Baba. Nilimwambia nilikosa akili mwenyewe. Akageukia ukutani. Bado naenda kila siku, ananipokea chakula na kunishukuru, lakini sasa ananiita madame.

Honorine

---

Kasaji, 26 Mei 2024

Mama yangu Honorine,

Nakusalimu. Sisi ni wazima. Mama yako amesoma barua yako kabla yangu na hajanisemesha tangu asubuhi.

Ulifanya vema kutonitii. Nilikuzuia kwa woga, na woga huo niliuita akili. Wewe ulibaki na mama huyo ukimpikia kwa amri yangu, na sasa amekunyima jina la binti kwa ajili yangu. Hilo limenichoma kuliko mguu wake, nalo ni jambo baya kusema, lakini ndivyo ilivyo.

Kunificha hukufanya vema. Najua ulitaka kunitunzia heshima. Siitaki ya namna hiyo.

Nakuja Kolwezi na treni ya kwanza itakayopita, na usinitafutie mahali pa kupumzika kwanza. Utanipeleka kwake moja kwa moja. Mwambie tu kuna mzee anataka kumwona. Mimi ni nani, nitamwambia mwenyewe.

Baba yako