Mikono ya Asnath Ilikuwa Imejaa

Priska, nimetoka kumzika mama sasa hivi, na Sebastiani alikuja. Yule yule aliyekuwa katibu wa kijiji kule bondeni.

Eti anasimama kaburini anasema, "Mimi na Asnath tulipanda mlima huu pamoja mwaka sabini na nne." Pamoja, Priska. Pamoja.

Ngoja nikuandikie kama mama alivyonisimulia, nisije nikasahau.

Ilikuwa masika. Mama yangu Asnath alikuwa na mwezi mmoja tu tangu ahamishiwe kwa nguvu kijiji kipya cha ujamaa bondeni, karibu na Ndungu, mwanawe wa kwanza akafa kwa homa. Akaomba ruhusa akamzike mlimani, migombani, walikolala wakwe zake. Sebastiani akamjibu, "Kwenu ni hapa sasa. Ukipanda, umetoroka kijiji."

Asnath alimfunga mtoto kifuani kwa kanga, akapanda. Mvua inamwagika, njia ni utelezi mtupu, mkono mmoja umemkumbatia mtoto, mwingine unashika mizizi. Sebastiani yuko nyuma na viatu vyake vya ofisini, anafoka, "Rudi, wewe mwanamke!"

Kwenye kona ya mwamba katibu akateleza, akabaki ananing'inia kichakani. "Dada, nipe mkono."

Sasa ni dada. Asnath akamtazama. "Mikono yangu imejaa, katibu." Akaendelea kupanda.

Leo tukishuka, mvua ikaanza. Mzee kakwama kwenye kona ile ile na fimbo yake. Hata shikamoo sikumpa. "Mwanangu, nishike mkono."

Nilikuwa na sepetu tu, Priska. Nikaishika kwa mikono yote miwili.