Karatasi Niliyoitia Kwenye Sanduku la Maoni

Mpendwa Senge,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu kosa lenyewe nililifanya kwa kujificha. Wasiokujua wajue kwamba wewe ni senge wangu, yaani dada wa baba yangu, uliyenichukua kabla sijaanza kung'oa meno ya utoto, ukanilea katika chumba kimoja pale mtaa wa Mowlem. Siku za kazi ulishona pindo za blanketi kiwandani. Jumapili ulikuwa mkalimani wa kanisa letu la mabati, na mtaa mzima ulikujua kwa kazi hiyo ya pili.

Nakumbuka ulivyosimama kando ya mhubiri, hatua moja nyuma. Akipaza sauti, nawe ulipaza. Akiruka, uliruka. Akijipangusa jasho, ulitoa leso yako ukajipangusa, hata kwenye baridi ya Julai. Shule uliiachia darasa la saba. Kiingereza ulikiokota kwa masupavaiza na kwa redio, na ulikitumia bila woga, kama mtu anayetumia mali yake.

Ndiyo maana maneno yanayofanana kwa sauti yalikuchezea. Mhubiri mgeni alituonya juu ya "prophets", manabii wa uongo. Wewe ukasikia "profits", ukatangaza kwamba siku za mwisho zitakuja faida za uongo. Akina mama wa mboga waliitikia "Amina!" kwa nguvu, maana faida hizo walizijua. Siku nyingine nyoka wa Edeni alitakiwa kuponda kisigino, "heel". Wewe ukasikia "heal", kuponya, na nyoka akawa daktari. Tena kila mhubiri alipoita watu waje kwenye "altar", yaani madhabahuni, wewe ulisikia "alter", kubadilisha. Ulinyoosha mikono yote miwili ukasema, "Njooni mbadilike!" Na watu walikuja, Senge. Walikuja wakilia. Hilo sikuliona wakati ule, kwa sababu nilikuwa nahesabu makosa tu.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha maneno hayo hayo, nami nilikuwa nimeyapata yote bila kukosa hata moja. Kichwa kikavimba. Vijana wa kanisa walikuwa wakikusanyika getini baada ya ibada wakikuigiza. "Leo mathe ametubamba kwa kicheko! Ati nyoka ni daktari!" Nilicheka kuliko wote. Msichana mmoja aliyehamia mtaani karibuni akaniuliza, "Kwani huyo mkalimani ni mtu wenu?"

Nilimjibu, "Zii, ni jirani tu."

Aibu ya miaka mingi haina tofauti na ya jana.

Wiki hiyo nilichukua karatasi katikati ya daftari langu la Kiingereza. Niliandika kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane. Nilipanga maneno yako safu mbili, mstari katikati, ulilosema na ulilotakiwa kusema, na chini nikaongeza kwamba kanisa linalojiheshimu haliwezi kuwa na mkalimani wa aina hii. Sikutia sahihi. Jumapili, ulipokuwa mbele ukimwaga jasho, niliitumbukiza karatasi kwenye sanduku la maoni lililokuwa karibu na mlango.

Mchungaji na wazee walikuita baada ya ibada. Ulirudi nyumbani ukiwa umeikunja ile karatasi ndani ya Biblia. Ulinipakulia ugali na mboga ya mrenda, ukaketi kitandani, hukula.

"Wamesema nipumzike," uliniambia. "Watamweka mke wa mchungaji."

Niliendelea kumega ugali. Uliitoa karatasi ukaitazama tena, polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hii Kiingereza imenyooka. Mwenye kuandika amesoma huyu." Kisha ukasema kwa sauti ya chini, "Ni Mama Febe."

Mama Febe alikuwa rafiki yako kuliko ndugu. Alikuwa karani wa kaunsili, kidato cha nne alimaliza, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele. Ulipokwama, alikuchezeshea midomo bila sauti ili akupe neno. Kwa miaka mliona huo ni msaada. Siku ile ukageuka ukaona ni dharau, na kwamba alikuwa akikukagua tangu zamani. Ulivaa viatu, ukaichukua karatasi, ukaenda kwake. Mlango wake ulikuwa wa tatu kutoka kwetu, hivyo nilisikia kila ulichomwambia. Yeye sikumsikia akijitetea hata kidogo.

Ningeweza kutembea milango mitatu, Senge. Nilibaki nikimaliza mrenda.

Tangu hapo hamkusalimiana. Jumamosi zenu za kusukana nywele nje, mkicheka mpaka majirani wanauliza kuna nini, zikaisha. Halafu mzee wake, yaani mumewe, akafariki. Wewe unajua kwetu kilio ni nini: hata adui huweka chuki kando akaenda kuketi na mfiwa. Hukwenda. Ulikaa nyumbani ukikunja nguo, ukazikunjua, ukazikunja tena, na nyimbo za matanga tukizisikia hapo hapo dirishani. Nilijua unataka kwenda. Nilijua kinachokuzuia ni uongo wangu. Nilikwenda mimi, nikamshika mkono, nikamwambia "pole mama", naye akanishukuru.

Baadaye ulistaafu ukarudi kijijini Vihiga. Nimesikia huko kanisani unakaa nyuma kabisa, na wageni wakija wakihitaji mtu wa kutafsiri, unatazama chini.

Mimi siku hizi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya Donholm. Yale maneno nayafundisha kila mwaka, na kila mwaka nayapita haraka. Muhula huu, nilipoyaandika ubaoni, wanafunzi walinung'unika kama kawaida yao, "Madam, hizi vitu zinasound same, nani alizileta?" Tukacheka. Lakini msichana mmoja mkimya aliinua mkono.

"Madam, mtu akichanganya hizi, ni mjinga?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwamba aliyejifunza lugha kwa kuisikia tu atachanganya, kwa sababu sikio halioni herufi, na kwamba Waingereza wenyewe huchanganya. Maneno hayo wewe ndiye uliyestahili kuyasikia. Nilikuwa nikimpa mtoto wa watu huruma niliyokunyima wewe. Niliwapa zoezi nikatoka nje, nikasimama nyuma ya choo cha walimu mpaka kengele ilipolia.

Jumamosi nilienda Mowlem. Mama Febe bado yuko mlango ule ule. Amezeeka, miguu inamsumbua. Nilimwambia yote bila hata kungoja chai.

Aliniacha nimalize. "Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Si alinitupia hiyo karatasi usoni? Nikasoma. Hayo maneno, mimi ndio nilikuwa nakusaidia kuyasoma hapa mezani. Hata ulivyochora mstari katikati, ni mimi nilikuonyesha."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, wewe ungeenda wapi? Ulikuwa huna mwingine. Alikuwa na hasira ya kukufukuza, na mimi nilikuwa na mzee wangu na watoto. Nikaona heri anichukie mimi." Akajikanda goti. "Nilidhani ukikua utasema mwenyewe. Nikangoja. Hata kwa matanga, ulivyonishika mkono, nilidhani ndio unataka kusema."

Senge, nimewahi kulia, lakini sijawahi kulia mbele ya mtu niliyemwibia rafiki naye akawa ananitafutia kitambaa.

Siombi unisamehe katika barua hii. Kusamehe ni kwako, na mimi sina haki ya kukuharakisha. Ninachotaka ujue ni hiki: rafiki yako hakukusaliti hata siku moja. Midomo ile iliyochezacheza benchi la mbele ilikuwa inakusaidia mpaka mwisho, na ilipofika zamu ya kujitetea ikafungwa kwa ajili ya mtoto uliyekuwa unamlea. Msaliti alikuwa anakula ugali wako.

Shule zikifungwa namleta Mama Febe huko Vihiga. Ameshanunua kitambaa kipya cha kichwa kwa safari hiyo, na ananiuliza kila siku kama unapenda bado chai ya tangawizi. Nimeshindwa kumjibu, kwa sababu sijui tena unapenda nini.

Ukituona tukiingia, usimfungie yeye mlango. Mimi niache nje mpaka utakapopenda mwenyewe.

Kwa aibu na mapenzi,
Binti wa kaka yako, ambaye si jirani