Siku Niliyoulizia Umugani

Mke mwenzangu Zawadi,

Sisi huku Ujiji hatujambo. Mume wetu, babu yako, amepata miwani mipya, na barua zako anazisoma kwa sauti mpaka majirani wanazijua.

Umeniuliza ufanyeje, maana darasani huko Ujerumani hufungui mdomo kwa kuogopa kuchekwa. Mimi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilikuwa fundi cherehani Kigali, kwa shangazi yangu. Miezi miwili nilishona kimya, Kinyarwanda kikinitisha.

Siku moja shangazi akanituma Kicukiro, pembeni mwa mji, peke yangu, nikampime bibi harusi. Nikakuta nyumba imejaa wanawake. Nikajikaza, nikauliza, "Umugani ari he?" Nilitaka kuuliza bibi harusi yuko wapi, lakini bibi harusi ni umugeni. Umugani ni hadithi. Nyumba nzima ikaangua kicheko, nami nikageuka niondoke.

Mama wa bibi harusi akanishika mkono. "Kaa, binti," akasema kwa Kiswahili chao. "Hadithi iko. Lakini na wewe utatupa ya kwenu."

Akanisimulia yake polepole. Nami nikasimulia yangu kwa Kinyarwanda kibovu, nikikosea kila sentensi, nao wakinirekebisha huku wakifuta machozi ya kicheko. Jioni ikafika sijampima mtu. Siku ya harusi walinikalisha miongoni mwa ndugu zao.

Kumbe kile kicheko kilikuwa njia yao ya kunikaribisha, na nusura nikikimbie.

Basi kesho darasani sema neno lolote, mke mwenzangu, halafu uniandikie walivyocheka.

Bibi yako,
Mwajuma