Sindano ya Naivasha Iliyoandikwa Jina Langu

Mama Neema,

Leo sishoni. Nimefunga mlango wa duka, nimesukuma cherehani kando, na mteja akibisha nitajifanya sipo. Nina jambo la kukuambia, na ni heri ulisikie kutoka kinywani mwangu mimi mwenyewe. Nimevunja kile kiapo. Nitakueleza, lakini nipe nafasi nizunguke kidogo, unajua mimi siwezi kwenda moja kwa moja hata nikitumwa chumvi.

Kwanza habari za nyumbani. Tangu presha ikuangushe pale jikoni tukakuzika, huu ni mwaka wa pili. Mchungaji wako yuko, amekonda kidogo, na amejifunza kupika githeri, ila chumvi anatia kama anayelisha ng'ombe. Sisi akina mama tulipaka kanisa rangi, ile ya krimu uliyoikataa, utusamehe. Neema wako alijifungua kule Njoro, msichana wa pili, na msichana wa pili kwetu hubeba jina la nyanya mzaa mama. Kwa hivyo kuna Esta mwingine sasa. Ana miezi minane na mashavu ni yako kabisa. Nilipombeba mara ya kwanza nililia mpaka nikamlowesha shali. Nakukosa kila siku, lakini siku hiyo nilikukosa vibaya.

Sasa turudi nyuma.

Unakumbuka vile mtaa wetu wote wa Kiamunyi ulivyokusifu kwa kufunga? Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, Mama Mchungaji hali, hanywi. Wasichana wa kanisa waliambiwa wakuige. Mimi na chapati zangu niliona haya hata kukutazama usoni. Mpaka siku ile ulipokuja kupimwa gauni la harusi ya mpwa wako, nikakusogezea kiti, ukakataa. Nikakuvuta mkono kwa utani nikukalishe. Ukapiga kelele, halafu ukaanza kulia na sindano za kupimia zikiwa bado zimekushika kiunoni.

"Rahab," ukaniambia, "mimi sifungi kwa ajili ya Mungu. Nafunga ndio nisiende choo."

Mimi hucheka hata matangani, lakini hapo sikucheka. Ukanieleza vile kila ukienda haja kubwa ni kama unapitisha chupa iliyovunjika, na baada ya hapo saa mbili nzima ni moto, huwezi kukaa wala kulala. Damu kwenye karatasi. Ukaamua dawa ni kutokwenda. Siku tatu bila chakula, bila maji, na siku ukienda kile kitu kimekuwa jiwe, kidonda kinapasuka tena upya. Ulidhani ni bawasiri. Ulikuwa umekunywa mizizi ya kila aina na kununua mafuta ya yule mtu wa kipaza sauti pale stendi. Miaka mitatu, Mama Neema. Miaka mitatu ukiongoza ushirika wetu wa akina mama, mimi nikikaa kando yako, na sikujua.

Hospitali za Nakuru ulizikataa zote. Hii ina muuguzi wa kwaya yetu, ile daktari wake alibatizwa na Mchungaji. Ndipo tukaenda Naivasha, kwenye zahanati ambapo hakuna aliyetujua. Na pale dirishani, msichana akauliza, "Jina, mathe?" Ukanigeukia, ukanitazama kwa yale macho yako ya kuomba msamaha kabla ya kosa, ukamjibu bila kumeza mate, "Rahab Nyokabi."

Nami nimesimama hapo nimebeba mkoba wako! Mdomo wazi! Muuguzi alipotoka kuita Rahab Nyokabi tulisimama sote wawili. Nilikukasirikia. Sikuwahi kukuambia vile nilikukasirikia, kwa sababu mara tu tulipoingia kwa daktari ukashika upindo wa gauni langu kama mtoto.

Yule daktari kijana nilimpenda. Hakuona haya, na kwa kutoona haya kwake tukapungukiwa na yetu. Baada ya kukupima alisema si bawasiri, wala hakuona kitu cha kutisha zaidi. Ni mpasuko kwenye njia ya haja kubwa, na umekaa muda mrefu. Akakunja ngumi, akatuonyesha: msuli wa hapo ukiumia hujikaza hivi, ukijikaza damu haifiki, damu isipofika kidonda hakiponi, kisipopona msuli unazidi kujikaza. Akakupa krimu ya kupaka, akakuamuru unywe maji, ule matunda na mboga, ukalie karai la maji ya uvuguvugu. Na akakukataza kufunga, ukanitazama mimi kama ni mimi niliyesema.

Wiki nane baadaye krimu ilikuwa imekuumiza kichwa tu. Tukarudi, na ndipo akataja sindano. Alisema upasuaji upo, lakini kabla ya kukata angependa kujaribu dawa inayodungwa kwenye ule msuli ikaulegeza kwa miezi kama mitatu, kidonda kipate nafasi ya kufunga. Alikuwa mkweli, akasema si kila mtu hupona kwayo, wengine hurudia, wengine huishia kupasuliwa. Na kwa muda mfupi unaweza kushindwa kuzuia hewa.

Ukamwuliza kwa sauti ndogo, "Hata kanisani?"

"Hata kanisani, mama. Lakini itapita."

Alipokuambia ni dawa ile ile matajiri wanadungwa usoni kuondoa makunyanzi, ulicheka kwa mara ya kwanza. Ukasema, "Wengine wanadungwa wakuwe warembo, mimi nadungwa huko ndio nikuwe mtu." Nikangoja nje. Chai niliyonunua haikuwa imepoa vizuri, nawe ukatoka.

Tukarudi kwa njia ya Kikopey, pale pa nyama choma. Mimi nilikula mbavu, wewe sukuma wiki na maji, na ganzi ilikuwa bado haijaisha, kwa hivyo ulikuwa umekaa. Umekaa kweli kweli, makalio yote mawili kwenye benchi. Hapo ukanishika mkono kabla sijaupangusa mafuta, ukaniapisha. Nisimwambie mtu. Si Mchungaji, si watoto wako, hata ukifa. Nikaapa. Nani angekatalia mtu anayekaa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu?

Hatukujua kwamba mama mmoja wa shali ya kijani, nyuma yetu kwenye foleni, alikuwa wa huku kwetu, naye amekwenda Naivasha kujificha. Alisikia jina langu likiitwa, na alijua chumba kile ni cha nini. Kufika Jumapili, Kiamunyi nzima inajua Rahab fundi ana ugonjwa wa huko nyuma, na imeshaamua ni sababu ya kukalia cherehani mchana kutwa. Waliniletea mapapai mpaka nikawa nagawia majirani. Na Alhamisi ushirika ukaniweka katikati kuniombea, nani akaongoza maombi? Wewe! Ukaniwekea mkono kichwani, ukamwomba Mungu amfungue dada yetu Rahab, na ule mkono ulikuwa unatikisika. Mpaka leo sijui ulikuwa unalia au unacheka. Na zile wiki mbili za hewa, ulihama kiti chako cha mbele ukaja kukaa kando yangu, kwa sababu ukijamba watasema ni mimi, si ni mimi mgonjwa? Nikabeba na hiyo. Wewe mwanamke, Mungu anakujua.

Lakini ulipona. Mwezi wa tatu uliingia hapa dukani na chupa ya maji mkononi, ukala chapati zangu tatu ukiwa umekaa, na nikaona uso ambao nilikuwa nimeusahau. Ukaacha kufunga. Watu wakaanza kunong'ona kwamba moto wa Mama Mchungaji umezimika, na wewe ukawaacha waseme kuliko uwaeleze ukweli. Hilo lilinishinda kuelewa, na bado linanishinda.

Tangu uende, wanawake wamekuwa wakija kwangu kwa siri. Anakuja na kitambaa, anajifanya anataka sketi, halafu anauliza kwa sauti ya chini, "Na ile shida yako, ulifanyaje?" Nami nawaambia. Nawaambia habari ya ngumi, na maji, na kwamba waende kwanza wapimwe na daktari wasijitibu kwa kipaza sauti, na kwamba kuna sindano. Naeleza maumivu yako kwa maneno yako, nikisema ni yangu. Wengine wamepona, mmoja sindano ilimkataa akapasuliwa, naye sasa yuko sawa. Uongo wako ulifanya kazi nzuri, siwezi kuukana.

Halafu akaja Neema.

Alikuja na mtoto mgongoni, amekonda, na hakutaka kiti. "Anti Rahab," akasema, "nimeskia wewe ulikuwa na hii shida." Ilimwanza tangu kujifungua. Nikamwambia yote ninayowaambia wengine, nikamwambia aende hospitali kesho yake. Akatikisa kichwa. Akasema ataanza kwa kufunga na kuomba. "Mum hakuwa anakimbilia daktari na kila kitu. Alikuwa anafunga siku tatu, na Mungu anamshikilia. Mimi ndio mdhaifu."

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Bila chakula, bila maji. Na ananyonyesha.

Nilijaribu kumkataza bila kukutaja. Nikamwambia daktari alinikanya, nikamwambia mama anayenyonyesha hafungi, hata Mchungaji atasema hivyo. Akaniambia kwa upole, vile wewe ungesema, kwamba kila mtu ana imani yake. Nami nikanyamaza. Hapo ndipo sijisamehei, Mama Neema. Nilinyamaza wiki mbili nzima kwa sababu nilikuapia wewe, na wewe uko kaburini huna njaa, huku yule mdogo analia kifuani hapati kitu. Kisha Neema akanipigia simu kutoka kliniki. Mtoto amepimwa, kilo zimeshuka. Akasema analia kwa sababu hajui ni dhambi gani amefanya hadi kufunga kwake kusisikilizwe kama kwa mama yake.

Nikamwambia aje dukani siku hiyo hiyo. Alipofika nikafunga mlango, nikamwambia, "Neema, si mimi niliyekuwa mgonjwa. Alikuwa mama yako."

Alidhani namtania. Nikamweleza kila kitu: kwa nini ulikuwa unafunga, na vile kufunga kulikuzidishia, na Naivasha, na jina. Akakasirika kwanza. "Mbona hakuniambia? Mimi msichana wake wa kwanza? Aliambia fundi wa nguo na mimi hakuniambia?" Jibu kama unalo wewe, mtumie kwa ndoto, mimi nilishindwa. Nikamweleza ile siku ya maombi, vile ulivyoniwekea mkono, na akaanza kucheka, akacheka mpaka mtoto akashtuka, halafu ikawa si kicheko tena, na mimi pia nikalia, tukawa watatu tunalia kati ya sare za shule.

Mwishowe akapangusa uso, akasema, "Kumbe alikuwa anaumwa tu. Kama mimi." Akauliza kama nina chakula. Akala ugali na mboga akiwa amesimama, akanywa maji vikombe vitatu, na siku ya pili akaenda hospitali hapa hapa Nakuru. Aliandikisha jina lake. Daktari alimuuliza habari za kunyonyesha, wakazungumza kwa kirefu, akaanza na krimu na yeye ikamkataa, kisha akadungwa. Hii ni wiki ya tano. Hajapona bado, nisikudanganye, lakini anasema saa mbili za moto zimekuwa dakika chache. Maziwa yamerudi. Esta mdogo ameanza kunenepa na kuwa na kiburi.

Basi ndivyo nilivyovunja kiapo. Ukikasirika, nikasirikie mimi, mtoto usimguse, hakuomba kuambiwa. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikudharau. Nadhani ulitaka wakukumbuke kama mtu asiyeumwa. Lakini binti yako alikuwa anakuogopa kama mtu anavyoogopa picha ya ukutani, na tangu ajue, anakutaja kila siku. Anauliza ulikuwa unapenda wimbo gani ukikalia karai, ulikuwa unaniambia nini. Anakuulizia kama rafiki. Nami namjibu, na nakulilia kidogo kila nikijibu.

Wiki iliyopita Mchungaji alitangaza kwamba mwezi ujao kanisa litafunga siku tatu kwa kumbukumbu yako. Neema akanitazama kutoka kiti cha pili. Nikasimama, nikasema kwa hisani yake ningeomba tupike badala yake, tulishe wanaonyonyesha na wazee, kwa sababu Mama Mchungaji aliniambia hivyo akiwa hai. Hukuniambia. Umenikopesha uongo wako mara moja, na mimi nimekuongezea mmoja. Wamekubali. Neema ndiye ataongoza sufuria.

Lala salama, rafiki yangu. Nimemwambia mmoja tu, yule aliyehitaji, naye ameahidi kufunga mdomo. Kwa Mchungaji, kwa ushirika, kwa Kiamunyi yote, hadi siku nitakapozikwa, mgonjwa nilikuwa mimi.

Wako,
Rahab